Mbwa anafundishwa kutembea tena. Na muchimbaji je?

Ku Ulaya na ku Marekani kuko kazi moja ambayo watu wengi wa Buleusa, Kateku ao Miriki wakiisikia watacheka: kuko watu wenye kulipwa kwa kumufundisha mbwa kutembea tena nyuma ya kupasuliwa. Si mchezo. Wanaisomea, wanapewa cheti, wanafungua nyumba ya kazi. Mbwa aliyevunjika muguu, ao aliyekatika kamba ya ndani ya goti, anapasuliwa leo, na nyuma ya siku kidogo kazi inaanza: kumukunja na kumunyoosha goti pole pole, kumutembeza na kamba, kumuingiza ndani ya maji. Inachukua juma sita, juma nane, wakati mwingine miezi mitatu. Kazi hiyo ni kinesiterapi. Ku hospitali watu wanasema tu kine.

Mucheke, hakuna mubaya. Lakini mukimaliza kucheka, tuongee. Mimi ninaona ya kama jambo hili linatugusa sisi wa karieri kuliko linavyowagusa wenye kufuga mbwa ndani ya nyumba. Kile wanachomufanyia mbwa kinaomba mikono, muda, maji na mulima. Vitu hivyo vyote tuko navyo. Na ni vile vile ambavyo kijana wetu anayetoka hospitali na chuma ndani ya paja anakosa.

Mbwa wetu pia ni mufanyakazi

Mutu mumoja atasema: mbwa ni mbwa, akivunjika tunatafuta mwingine. Asema hivyo yule asiyewinda. Mutu wa pori la Walikale anajua bei ya mbwa muzuri. Anajua ya kama mbwa wetu wa zamani, yule mudogo mwenye masikio ya kusimama na mukia wa kujikunja, habweki kama wengine, na ni kwa sababu hiyo wazee wanamufunga kengele ya mti ku shingo, ili wasikie mahali anapopita ndani ya majani. Mbwa huyo wazungu walimuchukua hapa kwetu Kongo, wakamupeleka Uingereza, na mwaka wa 1937 walimuonyesha watu ku London, ku maonyesho makubwa ya mbwa yenye kuitwa Crufts. Wakamupa jina la Basenji. Munaelewa wenyewe jina hilo linatoka wapi: mbwa wa washenzi. Leo yule mbwa wa washenzi anakaa ndani ya nyumba za watu wakubwa, na akivunjika muguu anapata munganga wake wa kine.

Na si mbwa wa kuwinda tu. Mwaka wa 2011 Parke ya Virunga ilianzisha ku Rumangabo kikosi cha mbwa wa kufuata harufu, na musaada wa munganga wa nyama mumoja wa Uswisi, Marlene Zähner. Kazi yao ni kufuata nyayo za wale wenye kuua tembo. Mbwa sawa huyo anatumika pamoja na walinzi, analala ku kazi, anakula ku kazi. Akiumia, hamumutupi, sawa vile hamutupi motopompe juu imegoma siku moja.

Sisi huku, mbwa anaumia kwa njia tatu tunazozijua wote: mutego wa waya ku pori, moto ku barabara, na nguruwe pori anayejitetea. Munganga wa nyama wa kumupasua ni mbali. Ku Butembo, Chuo Kikuu cha Graben kinafundisha waganga wa nyama, lakini kutoka Buleusa mpaka kule na mbwa mikononi si safari ya kila mutu. Kwa hiyo mbwa wetu wengi hawapasuliwi. Wanabaki na miguu mitatu, ao wanapona vibaya. Sisemi tujenge leo nyumba ya kupasulia mbwa ku Buleusa. Ninasema tuangalie elimu ile, maana ndani yake kuko jambo linalotuhusu sisi wenyewe.

Muguu usiotumika unakwenda

Elimu hiyo ilitoka kwa watu ikaenda kwa nyama. Vita ya kwanza ya dunia, ya 1914 mpaka 1918, ilirudisha waaskari maelfu na maelfu wenye viungo vilivyovunjika, na waganga wakaona ya kama kuunga mufupa tu hakutoshi: mutu aliponyeshwa kidonda lakini alishindwa kushika jembe. Hapo ndipo kazi ya kunyoosha na kutia viungo nguvu ilipata heshima. Baadaye ikapelekwa kwa farasi na kwa mbwa. Uingereza, wenye kazi hiyo ya nyama walifanya chama chao katika miaka ya 1980. Marekani, Chuo Kikuu cha Tennessee kinatoa cheti chake.

Waganga hao wa mbwa waliona nini? Waliona kwanza ya kama musuli hauna subira. Muguu ukilala bila kazi, ndani ya siku kidogo musuli wa paja unaanza kupungua. Nyuma ya juma mbili unaweza kuona na macho: paja moja nene, lingine limekauka. Mufupa unaunga pole pole, lakini musuli unakwenda mbio. Ndiyo sababu mutu anaweza kutoka hospitali na mufupa wenye kunyooka vizuri ku radio, na bado hawezi kusimama.

Waliona jambo la pili. Mbwa mutoto aliyevunjika mufupa wa paja, karibu na goti, akifungwa muguu ukiwa umenyooka kwa majuma, musuli wa mbele unashikamana na mufupa. Siku ya kufungua, muguu umekuwa sawa fimbo. Goti halikunji tena, na kulirudisha ni vigumu sana, mara nyingi haiwezekani. Waganga wa nyama wanafundishwa hilo mapema, ili wasilifanye.

Na jambo la tatu ndilo lilinishangaza zaidi. Kuko upasuaji mumoja wa mbwa ambamo munganga anakata kichwa cha mufupa wa paja, pale unapoingia ndani ya nyonga, halafu haweki kitu kingine pahali pake. Mwili wenyewe unajitengenezea kiungo kipya cha nyama ngumu. Mbwa akitembezwa mapema, tangu siku za kwanza, kiungo kile kinazunguka vizuri na mbwa anakimbia tena. Akiachwa alale, kinakaza, na mbwa anabaki kiwete. Kisu ni kile kile, munganga ni yule yule. Tofauti ni kile kilichofanywa nyumbani nyuma ya kisu.

Pole pole ndiyo dawa

Mbwa hajui uvivu wala ujasiri. Muguu ukimuuma, anauinua, anakimbia na mitatu. Mwenye mbwa anaona mbwa anakimbia, anafurahi, anasema amepona. Kumbe muguu wa nne unakauka juu hewani. Basi wenye kine wanafanya nini? Wanamufunga kamba na kumutembeza pole pole sana. Mbwa akienda mbio, anaruka na miguu mitatu. Akienda pole pole, anashurtishwa kuweka wa nne chini. Mwendo wa mbio unaficha ugonjwa, mwendo wa pole pole unauponyesha. Dakika tano, mara tatu kwa siku. Juma linalofuata dakika kumi. Halafu wanamupandisha kilima kidogo, maana kupanda kunatia nguvu miguu ya nyuma. Halafu wanamufundisha kukaa na kusimama, kukaa na kusimama, kwa kumupa kipande cha nyama.

Na maji. Waganga walipima: mbwa akisimama ndani ya maji yanayofika ku nyonga, miguu yake inabeba karibu 38 kwa mia tu ya uzito wake. Ingine inabebwa na maji. Mutu vilevile: maji yakimufika ku kiuno, karibu nusu ya uzito wake inaondoka. Kwa hiyo muguu unaofanya woga inje ya maji unaweza kutembea ndani ya maji. Lakini musikie vizuri: kidonda kiwe kimefunga kabisa, na maji yawe safi. Si maji ya kuoshea mchanga ku karieri. Maji yale, ku kidonda, ni usaha.

Sasa tutazame nyumba zetu

Munamujua kijana huyu, kila kijiji kiko naye. Udongo ulimuangukia ndani ya shimo, ao jiwe lilimupiga ku paja. Wenzake walimutoa, wakamubeba ku kipoyi mpaka pahali moto inafika, halafu motari akamupeleka mbele. Kama njia ilikuwa wazi na feza iliwezekana, alifika mpaka Goma. Ku Goma kuko watu wa kazi: ku hospitali ya CBCA Ndosho, tangu 2012, Musalaba Mwekundu wa kimataifa, CICR, unasaidia kupasua wenye kuumizwa na silaha, na kituo cha Shirika la Umoja kinasaidia wenye viungo vilivyokatwa ao vilivyolemaa watembee tena. Lakini kijana wetu hakai kule muda wote. Feza inaisha, dada anayemupikia anataka kurudi kwa watoto, hospitali inahitaji kitanda. Anarudi ku muji na magongo mawili na karatasi moja ya Kifaransa.

Hapo mambo mawili yanatokea, na yote mawili ni mabaya.

La kwanza: analala. Mama anamuambia, "Mwana wangu, usijisumbue, bamekupasua, imekwisha, lala." Ni mapendo, sikatai. Bibi yake anamuletea bugali na sombe ku kitanda, watoto wanamuletea maji ya kunawa, hata kuinuka ku choo wanamusaidia. Nyuma ya miezi miwili paja limekuwa sawa mukono, goti limekaza. Watu wanasema munganga alimupasua vibaya. Wengine wanasema amelogwa. Hakuna aliyemuloga. Alilazwa tu.

La pili: anakimbia. Huyu hana mama wa kumulaza, iko na deni. PDG alilipa moto na dawa, naye anataka feza yake irudi. Juma la nne, mbele mufupa haujaunga, kijana anashuka ku shimo. Anaona anaweza, sababu muguu muzima unabeba yote, sawa yule mbwa wa miguu mitatu. Siku moja mufuko unamulemea, chuma kinapinda ao kinavunjika ndani, na kazi yote ya kupasua inaanza upya, kama inaanza.

Kati ya kulala na kukimbia kuko njia ya katikati, na njia hiyo ndiyo kine. Si mafuta ya kupakaa wala si kukanda tu, hata kama kukanda kunapendeza. Ni kutumika kwa kipimo: leo hivi, juma lijalo hivi, na kusimama pale maumivu yanapozidi. Mbwa anahesabiwa dakika zake. Mutu mwenye bibi na watoto nani anamuhesabia?

Najua jibu linalokuja: sisi tuko na wazee wenye kuunga mifupa. Ni kweli, na wengine mikono yao ni mizuri. Ninawaheshimu. Ninawaomba mambo mawili tu. Wasifunge sana: vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi, ao mugonjwa akisema hasikii tena, wafungue mara moja na kumupeleka ku hospitali, maana muguu unakufa hivyo. Na wasiache kiungo kimefungwa miezi bila kukikunja.

Feza ya nyuma ya kisu

Hapa ndipo ninataka kufika. Watu wengi wanafikiri kine ni kitu cha matajiri, juu wameona picha za mbwa wakitembea ndani ya mashini ya maji. Mashini ni ya bei. Lakini mashini si kine. Kine ni mutu mumoja anayejua, kumuonyesha mwingine, halafu siku nyingi za kurudilia. Bei yake ya kweli ni muda: ni chakula cha juma kumi ao kumi na mbili ambamo mutu hachimbi. Nani analipa chakula hicho?

Mufanyakazi mwenye mukataba anaweza kuuliza sheria ya kazi ya 2002, yenye kusema juu ya aksida ku kazi. Muchimbaji wa mikono hana mukataba. Kodi ya mukataba wake ni mwili wake. Lakini sheria ya migodi, ile iliyobadilishwa tarehe 9 Machi 2018, inaomba muchimbaji wa mikono awe ndani ya koperative. Kama koperative iko na haki ya kutuandika ku vitabu na kukata ku kila mufuko, basi iko pia na kazi ya kutujua siku tunapolala. Koperative isiyojua mutu wake aliyevunjika ni ofisi ya kukusanya tu.

PDG wengi wanalipa moto na wanalipa kisu. Ninawashukuru, wengine hata hawakushurtishwa. Lakini wanafikiri wamemaliza. Ninawauliza kwa hesabu yao wenyewe, si kwa huruma: muliweka feza ku muguu huu, kwa nini munaiacha ioze mbele ya kufika mwisho? Ni sawa kununua motopompe na kukosa kununua tuyo. Kijana anayepewa juma kumi na mbili za kupona anarudi kuwa muchimbaji kwa miaka. Yule anayerudi ku juma la nne atakuwa deni lisilolipika.

Na wachimbaji wenyewe, tusisubiri mutu. Tunajua likelemba, mama zetu wanaifanya kila juma. Kila timu iweke pembeni kilo moja ku kila kilo mia inayotoka, iuzwe, feza yake ikae kwa mutu ambaye wote wanamuamini, na isitumike kwa pombe wala kwa matanga. Iwe ya chakula cha aliyevunjika peke yake. Leo ni yeye, kesho ni wewe.

Ninayoyaomba

Ku waganga na wainfirmie: musimuachilie mugonjwa mbele ya kumuonyesha mutu wa jamaa yake kile cha kufanya, na mikono, si na karatasi. Mumuambie wazi muguu huu unaweza kubeba uzito gani, na tangu lini. Kama munaandika, muchore. Picha ya mutu anayekunja goti inaeleweka ku Kinyanga, ku Kihunde, ku Kinande na ku Kinyarwanda.

Ku wenye kusimamia zone ya afya: muko na reko ku kila kijiji. Wanajua kupima mikono ya watoto na kutangaza chanjo. Wafundishwe pia mazoezi matano ao sita ya nyuma ya kuvunjika, na alama za hatari: usaha, homa, nyama ya nyuma ya muguu kuvimba na kuuma sana, pumzi kukatika. Hayo mutu anarudi hospitali siku ile ile.

Ku jamaa: muulize munganga mbele ya kutoka, musiogope. Mukipewa ruhusa, mugonjwa akaze musuli wa paja na kuuachilia, achezeshe kifundo cha muguu juu na chini, mara nyingi kwa siku, hata akiwa ku kitanda. Halafu mumuache aende mwenyewe ku choo na magongo yake, pole pole. Kumuletea kila kitu ku kitanda si kumupenda.

Na ku mwenye mbwa: mbwa wako akiumia na waya, uitoe, uoshe kidonda, na usimufunge ku mti mwezi muzima, usimuache vilevile akimbie na wengine. Umutembeze na kamba, pole pole, kila siku kidogo. Ni kazi ya mutoto wa miaka kumi, na mutoto yule atakuwa amejifunza jambo ambalo baba yake ao yaya yake atalihitaji siku moja.

Sioni haya kusema tulifunzwe na mbwa. Wale walifunza mbwa walifunzwa na watu, waaskari waliovunjika kama sisi. Elimu ni yetu, inarudi tu ku nyumba. Kisu cha munganga kinatuomba feza mingi na safari ya mbali, na hatuna uwezo juu yake. Zile juma kumi na mbili za nyuma ziko mikononi mwetu, hapa hapa ku muji, na ndizo zinazosema kama mutu atarudi kuwa mutu wa kazi ao atabaki ku mulango, akiangalia wenzake wanaenda ku karieri.